Tupeane uzoefu: wewe binafsi unaamini nini kinatokea tukishakufa?

Wakuu, salaam. Sitaki mahubiri wala ligi ya dini. Kila mtu aseme anachoamini usiku akiwa peke yake, na kilichomfikisha hapo.

Naanza mimi. Mama alipofariki nilishika nilichofundishwa: amepumzika, tutaonana. Miezi saba baadaye nikakuta kwenye simu ujumbe wake wa sauti, sekunde 11: "Ukija usisahau betri za redio." Nikajikuta namjibu, "Sawa mama." Tangu hapo sijui kama naamini tutaonana, au nimeshindwa tu kukubali kwamba ameisha.

#2
Pole sana. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 19 huu, zamu za usiku nyingi. Wakikaribia, baadhi yao huongea na waliotangulia, tena bila hofu. Bibi mmoja alinisukuma kidogo kwa mkono: "Hebu pisha, umemkalia mbele kaka yangu." Kaka mwenyewe alishakufa zamani. Daktari atakwambia ni dawa na oksijeni kupungua, na huenda ni kweli. Ila siku hizi chumba cha anayekata roho siingii bila kubisha hodi, hata kama aliyemo hajitambui.

#3
Mimi moyo ulisimama nikiwa kwenye upasuaji. Kila mtu ananiuliza habari za mwanga na handaki. Hakuna kitu! Nilikuwa nahesabu, nikafumbua macho, koo kavu. Nikaanza kusoma. Utafiti wa Pim van Lommel wa Uholanzi, wa 2001, ulihusu wagonjwa 344 waliorudishwa baada ya moyo kusimama. Wenye cha kusimulia walikuwa 62. Sisi wa giza ndio wengi, basi tu hakuna anayetuita tusimulie. Naamini ni kama kabla sijazaliwa, na kule sikumbuki kuteseka.

#4
#3, mbona hapo hatupingani? Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Ni usingizi mpaka parapanda. Wewe wamekuamsha mapema tu.

#5
Roho ina gramu 21, sayansi ilishapima. Mjadala ufungwe.

#6
Acha hizo #5. Ni daktari Mmarekani, Duncan MacDougall, aliyechapisha 1907. Aliwapima watu sita wakiwa wanakufa, na hiyo 21 ilitoka kwa mmoja.

Mimi naamini barzakh, maisha ya kaburini kabla ya Kiyama, na malaika Munkar na Nakir watakuja kuuliza. Maswali nayajua, hofu yangu ni ulimi wangu siku hiyo. Huwa naosha maiti. Kuna siku aliletwa mtu niliyekuwa namdai, na tulishanuniana kwa ajili ya hiyo pesa. Tunaanza upande wa kulia. Nimeushika mkono wake, mzito, maji yanateremka hadi kwenye vidole, nikamwinamia sikioni: "Nimekusamehe lote." Kwetu deni humfuata mtu. Wenzangu walidhani nasoma dua.

#7 (mwanzisha uzi)
Nasoma zote, asanteni. #6 umeniliza. Dada muuguzi, yule bibi, ulimpisha?

#8
Nilimpisha. Nilihamia upande wa pili wa kitanda, na kiti nikakiacha palepale.