MJADALA: Korongo wamehamia juu ya ploti yetu Nakuru. Mti ukatwe au uachwe?

Mama Wambui wa Nakuru:
Habari za jioni nyote. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi. Ploti yetu ina nyumba tisa, na nyuma yake kuna mkaratusi mzee. Tangu mwisho wa mwaka jana wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, marabu, wamehamia huko juu. Nimehesabu viota vinne. Kinyesi chao kinashuka kama chokaa iliyozidishwa maji. Kinapiga bati, kinateleza mpaka kwa gata, na gata ndiyo inajaza tangi letu la maji ya mvua. Jana nimefua sare ya kitindamimba wangu mara mbili na kola bado ina alama. Asubuhi nimekuta kipande cha utumbo wa ng'ombe juu ya karo ya kufulia, kimeanguka kutoka kiotani. Mwenye ploti anasema mti ulipandwa na marehemu babake. Wapangaji wengi wanataka ukatwe, na Jumamosi tunapiga kura. Kuna mtu amewahi kuwafukuza bila kukata?

Fundi wa Shabab:
Mama, kateni. Mimi niko mtaa wa Shabab, hapa Nakuru. Nina msumeno wa petroli na kamba, kazi ya siku moja. Mkaratusi unakunywa maji na matawi yake huvunjika bila kutoa habari. Mtu akiangukiwa na tawi, hapo ndipo mtajua mti una mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu:
Fundi, polepole. Viota vinne maana yake huenda sasa kuna mayai au makinda. Korongo huyu hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia mwezi mmoja, na kinda hukaa kiotani karibu miezi minne kabla ya kuruka. Ukiangusha mti leo utakuwa na makinda yamevunjika miguu kwenye karo ya huyu mama, watoto wakitazama. Na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumuua ndege wa mwitu eti kwa sababu amechafua shati. Ulizeni KWS, shirika la wanyamapori, kwanza.

Fundi wa Shabab:
Mwalimu, mimi sikusema kuua. Nimesema kukata mti. Usinitie maneno mdomoni mbele ya watu, nina wateja humu.

Kijana wa Section 58:
Korongo hufuata uchafu, hilo halina ubishi. Kisumu ndiko walikozoeana nao, watu wanakula samaki na korongo amesimama kando kama mpangaji. Huku Nakuru ni mji safi, tangu tupewe hadhi ya jiji Desemba 2021 tunafaa kuwa na mpango.

Nyar Kano:
Ngoja kwanza. "Walikozoeana nao"? Wewe kijana umewahi kupita Gioto, jaa la taka la Nakuru? Pale kwenye mteremko wa Menengai korongo wamejipanga juu ya takataka wengi kuliko watu wa kanisani Jumapili. Hao walio juu ya mti wa Mama Wambui hawakupanda matatu kutoka Kisumu. Wamelelewa na taka za Nakuru, wakanenepa kwa taka za Nakuru.

Kijana wa Section 58:
Na Kachok, jaa la taka la Kisumu, je? Mbona hutaji Kachok?

Nyar Kano:
Kachok naitaja bila aibu. Ilikuwa kidonda, katikati ya mji, kando ya barabara ya kwenda Nairobi. Tulipiga kelele miaka mingi, ikawa ahadi ya kampeni mwaka wa 2017, na baada ya hapo tukaona matingatinga na malori yakianza kuhamisha taka. Sisi tulikiri tatizo letu. Ninyi mnaliita la Kisumu.

Jamaa wa Kondele:
Nyar Kano ameongea. Na hao samaki unaowataja kwa dharau, ukija likizo unakula wawili na kuomba supu.

Kijana wa Section 58:
Sikudharau samaki. Nimesema korongo. Watu wa Kisumu mnawasha moto haraka.

Mama Wambui wa Nakuru:
Jamani, mti.

Omwami wa Butere:
Pole mama. Lakini ninyi wa mjini mnalia kwa sababu ya kinyesi? Njooni huku muone mwewe. Mwezi huu nilikuwa na vifaranga ishirini na wawili wa kienyeji. Leo nina wanane. Anakuja saa nne asubuhi, umande ukikauka, anapita chini kabisa juu ya ua, kivuli kinapita kabla yake. Kuku mama anapiga ule ukelele wake, vifaranga wanalala chini ya migomba, na yule aliyechelewa ndiye anakwenda. Nimesimama hapo na jembe mkononi, nimeshindwa. Je, sheria ya Mwalimu ina fidia ya kifaranga?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu yangu, haina. Sheria hiyo ilitaja shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyamapori, na ina orodha ya wanyama wanaolipiwa: ndovu, simba, fisi, mamba na wengineo. Mwewe hayumo. Wala korongo.

Omwami wa Butere:
Basi mnaona. Ndovu akila mahindi ya mtu kuna fomu ya kujaza. Ndege akimaliza vifaranga wangu naambiwa niheshimu mazingira. Mtoto wangu wa kidato cha pili analipiwa karo na hao kuku. Mwalimu, wewe una pensheni.

Mwalimu Mstaafu:
Pensheni yangu imeingiaje hapa? Nimefundisha miaka thelathini na moja, wengine wenu humu nimewafundisha kusoma hayo mnayoniandikia. Na mimi pia nafuga. Vifaranga wangu hukaa ndani ya tenga la mianzi wiki sita za kwanza. Mchana nalihamisha tenga kwenye nyasi mpya, wanadonoa bila kuonekana kutoka juu. Nimepoteza mmoja tu mwaka huu, na huyo alikanyagwa na mbuzi.

Omwami wa Butere:
Tenga la wiki sita kwa vifaranga ishirini na wawili, chakula cha kununua nani analipa? Wakiwa nje wanajitafutia. Hiyo hesabu ya watu wenye pensheni.

Mkulima wa Ahero:
Mwewe anachukua mmoja mmoja. Sisi Januari 2023 tulipata kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka. Magazeti yaliandika karibu milioni mbili, na ekari kama 300 za mpunga zimeliwa. Mimi sikuwahesabu, lakini niliona jua likifunikwa. Kila mmoja anakula gramu kumi hivi kwa siku. Zidisheni wenyewe. Nilikuwa shambani tangu saa kumi na moja asubuhi na mkebe wa rangi na fimbo, mke wangu upande ule, watoto hawakwenda shule wiki nzima. Sauti ikakauka. Unapiga mkebe, wanainuka kama vumbi, wanatua mita mia mbele, kwa jirani. Jirani naye anapiga, wanarudi kwako. Mnaanza kuchukiana na jirani kwa ajili ya ndege. Mpaka serikali ikaja kunyunyiza fenthioni, sumu ya kuua ndege, jioni wakiwa wamelala.

Nyar Kano:
Na baada ya kunyunyiza mkala nini? Mimi ni wa huko. Mamangu alikataza kuku wasitoke wiki mbili. Dawa hiyo haichagui. Bundi anayekula kwelea aliyekufa naye anakufa.

Mkulima wa Ahero:
Omera, uko Kisumu mjini na unanunua mchele dukani. Mimi nililala nusu njaa ule mwaka. Usinilaumu kwa dawa ambayo sikuipulizia mimi.

Nyar Kano:
Sikukulaumu, jaduong'. Nimeuliza. Mimi nakumbuka Bunyala. Kule Budalangi watu walitumia Furadani, dawa ya wadudu wa shambani, kupaka konokono na kuwatega korongo wa mpunga. Ndege walianguka, wakaokotwa, wakauzwa kama kitoweo. Watu walikula nyama ya sumu. Kampuni iliyoitengeneza ilianza kuirudisha kutoka madukani mwaka wa 2009, baada ya simba pia kuuawa nayo. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "tia dawa kidogo" mwili unanisisimka. Mama Wambui, mtu akija Jumamosi na chupa isiyo na karatasi, mfukuzeni.

Fundi wa Shabab:
Hapo nakubali na wewe mia kwa mia. Jirani yangu mmoja alitega nyama yenye sumu, akaua mbwa wanne wa mtaa na paka wa mama mkwe. Korongo hata hakushuka.

Omwami wa Butere:
Kuhusu kula ndege: isindu, yaani kware, si sumu, isindu ni heshima. Marehemu guka, babu yangu, alikuwa na mlingoti mrefu nyuma ya nyumba, juu yake vikapu vidogo vya matete, kila kimoja na kware ndani. Alfajiri hao wa kikapuni wanaita, wa porini wanashuka kwenye nyasi ambako guka ametandaza vitanzi vya nywele za mkia wa ng'ombe. Saa moja asubuhi ana kumi. Hakuna dawa wala bunduki.

Jamaa wa Kondele:
Aluru! Mzee, umenikumbusha. Lakini usitaje kware mbele yangu. 2013 nilichukua mkopo wa chama cha akiba nikanunua kware mia mbili. Kila mtu alikuwa anasema mayai yanatibu presha na sukari. Tukapanga mstari kwa kibali cha KWS. Kufika 2014 yai halina mnunuzi hata kwa bei ya yai la kuku. Nilikula kware mpaka watoto wakagoma.

Dada wa Kakamega:
Wewe ulikopa chama? Chama kipi? Kuna watu walikimbia na pesa za kware huku kwetu, hatujawasamehe.

Jamaa wa Kondele:
Nililipa yote, dada, na riba. Ilinichukua miaka mitatu. Usiniweke kundi moja na wezi.

Kijana wa Section 58:
Sasa mnaona? Mtu akisema Kisumu, mnawaka. Akisema kware, mnawaka.

Mama wa Bucha, Nakuru:
Mimi nauza nyama na sikutaka kusema, lakini nimekaa na hii kitu tangu jana. Mama Wambui, huo utumbo ulioanguka kwenye karo ulitoka bucha, korongo hachinji. Kabla sijanunua pipa lenye kifuniko nilikuwa namwaga mifupa na matumbo yaliyoharibika nyuma, kwa gunia. Walikuwa wanakuja saa kumi na moja jioni, wanasimama wamekunja mabawa kama wazee kwenye baraza la chifu. Nilipofunga pipa na kumlipa mtu wa mkokoteni abebe kila jioni, wiki ya pili walipungua, wiki ya nne walibaki wawili. Sikukata mti wowote. Tafuteni bucha ama kichinjio kilicho karibu nanyi, mzungumze na mwenyewe kwa adabu. Msimwendee na askari wa kanjo, atawaonyesha pipa siku hiyo na gunia kesho yake.

Fundi wa Shabab:
Na mti wenye tawi bovu je? Korongo wakiondoka tawi bado litaanguka.

Mama wa Bucha, Nakuru:
Punguza matawi makinda yakishatoka, fundi. Hata hiyo ni kazi, utalipwa.

Fundi wa Shabab:
Hapo sawa. Lakini kwanza nitapanda kuangalia kama kuna makinda, bure. Mama Wambui nitumie namba ya mwangalizi wa ploti.

Mwalimu Mstaafu:
Na Nakuru ikumbuke kwamba ziwa letu lilitengwa kwa ajili ya ndege kabla ya nyingi ya ploti hizi kujengwa. Hifadhi ya taifa tangu 1968, na mwaka wa 1990 likawa la kwanza Kenya kuingia Ramsar, orodha ya kimataifa ya maeneo oevu.

Omwami wa Butere:
Mwalimu, ndege wa ziwani hawali vifaranga vyangu. Bado hujanijibu kuhusu chakula cha wiki sita.

Mama Wambui wa Nakuru:
Nimesoma yote, asanteni. Bucha iko, hatua sitini kutoka getini, na gunia nimeliona kwa macho yangu leo jioni. Kesho nitamwendea mwenyewe, peke yangu, kabla ya mkutano. Lakini hakuna hata mmoja amenijibu kuhusu tangi. Watoto wanakunywa hayo maji, na mawingu yamefunga.

Dada wa Kakamega:
Pole mama, tulikusahau. Usiku huu toa bomba linaloingia tangini, lielekeze nje. Mvua ya kwanza iachie ioshe bati na gata, maji yamwagike chini, kisha rudisha bomba. Yaliyomo tangini sasa yawe ya kufagia na kuosha choo tu. Ya kunywa chukueni kwa mfereji, na bado chemsheni mpaka yatokote. Na mdomo wa tangi uufunge kwa wavu wa mbu mara mbili. Wavu mmoja hupasuka.