Mnaiunguza basili kwa baridi kwenye vyumba vyenu, halafu mnasema mkulima ndiye kaleta mzigo mbovu

Wakuu, uzi huu ni wa wanunuzi wa jumla, wenye vituo vya kufungashia na wenye malori ya friji. Wakulima wa viungo vya majani na mboga karibuni mwongezee, lakini wanaosemwa hapa ni hao watatu.

Basili inatoka shambani ikiwa kijani, inang'aa, shina limekakamaa. Inakaguliwa, inapokelewa, hati inasainiwa. Siku mbili tatu baadaye zinatumwa picha za majani meusi na ujumbe mfupi: mzigo umekataliwa, ugonjwa umetoka shambani, malipo hakuna. Ukiuliza mzigo ulilazwa kwenye nyuzi ngapi, jibu ni "kwenye chumba baridi pamoja na mazao mengine". Basi mmeshajibu wenyewe. Hapo ndipo ulipoharibikia!

Basili haivumilii baridi. Chini ya nyuzi 10 inaanza kuumia. Mahali pake ni nyuzi 12 hivi, na hapo, ikiwa imefungwa vizuri, hukaa takribani siku 12. Ishushe hadi nyuzi 5, madoa meusi yanatokea ndani ya siku chache. Kwenye 0 ni siku moja hadi tatu tu. Kinachotokea ni kwamba baridi inakakamaza utando wa seli za jani, utando unavuja, na vitu vilivyokuwa vimetengana ndani ya seli vinachanganyika na kuwa vyeusi vikikutana na hewa, sawasawa na jani lililopondwa kwa mkono. Tena madhara haya hujificha. Mle chumbani jani linaweza kuonekana zima, kisha mzigo ukitoka kwenye joto la kawaida weusi unalipuka kwa saa chache. Ndiyo maana anayefungua katoni mwisho wa safari anaapa kwamba kaletewa ugonjwa.

Kotimiri, mnanaa, paseli na thaimu ni kinyume chake kabisa. Hizo zinataka nyuzi 0 hadi 2 na unyevu wa hewa wa asilimia 95 au zaidi. Kotimiri kwenye 0 inaweza kukaribia wiki tatu, lakini kwenye 7 au 8 imebakiza kama wiki moja. Sasa angalieni mnachofanya: mna chumba kimoja, mnakiweka nyuzi 5 "ili kila zao lipate kidogo". Nyuzi 5 inaua basili na inapunguza siku za kotimiri kwa wakati mmoja. Mmetafuta katikati, mmepoteza pande zote mbili, na hasara yote mnamtupia aliyelima.

Na msituambie ni ubwiri vinyoya, ule ugonjwa wa majani unaofanana na ukungu, kila mkiona jani limebadilika rangi. Ubwiri vinyoya wa basili upo, ni hatari, na mkulima akileta mzigo wenye ubwiri arudishiwe bila ubishi. Lakini kuutofautisha na jeraha la baridi si kazi ngumu. Ubwiri huanza na umanjano unaokatwa na mishipa ya jani, na ukiligeuza jani unakuta vumbi la kijivu au zambarau iliyofifia upande wa chini. Jeraha la baridi halina vumbi. Jani linakuwa kama limeloweshwa maji, linapoteza mng'ao, kisha linaiva weusi, mara nyingine pamoja na shina. Dalili nyingine ambayo hakuna anayejishughulisha kuitazama: ubwiri unafuata shamba, baridi inafuata chumba. Katoni za wakulima wanne tofauti, waliotumia mbegu tofauti, zikiwa nyeusi siku moja, mchunguze friji yenu.

Mchezo huohuo mnaufanyia mboga nyingine. Matango na biringanya zinataka nyuzi 10 hadi 12. Chini ya hapo tango linafanya vishimo na madoa ya majimaji, biringanya inababuka ganda na mbegu zinageuka kahawia ndani. Pilipili hoho na bamia zinaanza kuumia chini ya 7. Maharage machanga yakikaa chini ya 5 yanatoka na madoa ya rangi ya kutu. Yote haya yanaandikwa kwenye hati za kurudishia mzigo kwa neno moja, "ubora duni", bila hata tarakimu moja ya joto.

Halafu kuna gesi ya ethilini, ile inayoivisha matunda. Ndizi, parachichi, maembe, matikiti ya kunukia na nyanya zinazoiva hutoa gesi hii, na viungo vya majani haviiwezi. Mnanaa, paseli na kotimiri hugeuka manjano, basili inadondosha majani, saladi inatoka na vidoa vya kahawia kwenye mshipa mkuu, na karoti inakuwa chungu huku kwa nje haina kasoro. Kulaza kreti za ndizi na mnanaa chumba kimoja usiku mzima, kisha kuandika kwamba mnanaa "ulivunwa ukiwa mzee", ni uongo. Hata moshi wa injini una ethilini. Lori linaloachwa likiunguruma limeelekeza bomba la moshi kwenye mlango ulio wazi wa chumba baridi linaharibu mzigo wa watu waliokwisha kwenda zao.

Joto la shambani, yaani joto ambalo zao linatoka nalo shambani, ndilo linalouma zaidi, kwa sababu hata mazao yanayopenda baridi yanafia hapo. Viungo vya majani vinapumua kwa kasi sana, na kila kinachopumua kinatoa joto. Katoni zikibanwa ukutani, zikapangwa hadi dari na kuzungushiwa plastiki, katikati ya rundo joto linapanda badala ya kushuka, hata kama kipimo cha ukutani kinasoma 2. Mnachokisoma pale ni joto la hewa, si la jani. Kutoa joto la shambani ni kazi ya kuivuta hewa baridi kwa feni ipite ndani ya katoni zenye matundu, na matundu ya katoni moja yapangane na ya jirani yake. Friji ya lori haifanyi kazi hiyo. Imetengenezwa kulinda baridi iliyokwisha kuwepo. Ukipakia kotimiri ya nyuzi 24 kwenye lori lililowekwa 2, itasafiri ikiwa moto sehemu kubwa ya njia.

Mzigo ukishapoa, ukitolewa na kuachwa sakafuni penye joto kusubiri gari, unatoa jasho. Matone yale ndani ya mfuko ndiyo yanayoleta ukungu wa kijivu na uozo laini unaonuka. Nayo mifuko msiyoitoboa inamaliza hewa na kuacha harufu mbaya. Mkulima hakuiziba mifuko hiyo, ilizibwa kwenye kituo chenu.

Suala la saa nalo. Mnaamuru basili ivunwe alfajiri, inakuja na umande, inafungwa ikiwa na maji, na lori lenyewe linafika mchana. Basili inayovunwa jioni hukaa muda mrefu zaidi kuliko ya alfajiri, kwa kuwa mchana kutwa jani limejiwekea sukari. Ivunwe jioni ikiwa kavu, ipozwe hadi nyuzi 12 usiku, ipakiwe asubuhi. Ratiba ya dereva isiwe ndiyo inayopanga uvunaji.

Tunachodai ni hiki. Joto la mzigo lipimwe wakati wa kupokea mbele ya pande zote mbili: kijiti cha kipimajoto kiingizwe katikati ya fungu lililobana, ndani ya katoni ya katikati ya rundo, mpaka tarakimu itulie, kisha iandikwe kwenye hati pamoja na saa. Kipimajoto chenyewe kihakikiwe kwenye chombo cha barafu iliyopondwa na maji kidogo. Kisiposoma 0 hakifai kumhukumu mtu. Kila shehena iende na kirekodi joto ndani ya katoni, na kumbukumbu yake itolewe yote kabla ya mtu kutamka neno kukataa. Mafungu machache ya kila mzigo yabaki kituoni kwenye nyuzi 12 hadi 15 kama sampuli. Yakibaki kijani wakati yaliyosafiri yamekuwa meusi, mkulima alipwe chake chote.

NYONGEZA: Naona mnaandika "lori ni moja, tufanyeje?" Lori likiwa na kizuizi cha kugawa vyumba viwili, kitumieni, ndiyo kazi yake. Likiwa halina, basili iwekwe kwenye maboksi mazito yanayozuia joto na baridi, ikiwa imepozwa hadi 12 tayari, bila barafu ndani, ikae mbali na tundu linalotoa hewa baridi na ifunikwe blanketi la kuhami. Hilo linafaa safari ya saa chache. Safari ya siku nzima inahitaji gari lake, na gharama hiyo ipigwe kabla ya kuagiza mzigo, isije kukatwa kwenye malipo ya mkulima baada ya jani kuwa jeusi.

Aliyeuliza kuhusu barafu juu ya katoni: kwa paseli sawa, mradi katoni ni ya kustahimili maji na ina pa kuyatolea. Kwa basili, usithubutu.