Mjadala: Hadi diski (hard disk) ya kompyuta ya kikundi tuichome kwenye DVD, au tunajidanganya?

Katibu_wa_Zamu
Asalaam alaykum wanabaraza. Kikundi chetu cha taarab (jina nalihifadhi, wanaotujua wanatujua) kina kompyuta moja kuukuu. Humo ndimo zilimohamishiwa nyimbo zote kutoka kwenye kaseti na rili za kanda, pamoja na mazoezi, harusi, picha, hesabu za michango na mashairi ambayo watungaji wake wengi wameshatangulia mbele ya haki. Diski ni ya GB 320, imejaa kiasi cha 190. Sasa imeanza kutoa mlio, tik tik tik, halafu inanyamaza. Kamati imegawika. Kuna wanaosema itolewe imeji ya diski nzima, yaani nakala yake yote ilivyo, na Windows yake humo humo, ichomwe kwenye DVD zitiwe kabatini. Wengine wanasema DVD zimeshapitwa na wakati. Nauliza kwa niaba ya vikundi vyote, maana hali ni hiyo hiyo visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba.

FundiMkunazini
Wa alaykum salaam. Kwanza izimeni hiyo kompyuta, sasa hivi. Mlio huo mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia yake hakiioni, na kila mkiiwasha mnazidi kuimaliza.
Pili, hesabu. DVD imeandikwa 4.7 GB, kompyuta itakuonyesha 4.38. Hizo 190 zenu ni sahani 44. Mkitoa imeji ghafi ya diski nzima na sehemu zake tupu, mnakaribia 70. Mie huchoma kwa mwendo wa 4x, sahani moja robo saa. Kwa sahani 44 hizo ni saa kumi na moja, na hamjahakiki hata moja. Halafu imeji iliyobanwa ikakatwa vipande, kipande cha 17 kikigoma kusomeka, kuanzia hapo mpaka cha mwisho hamna kitu. Sasa mnataka kuhifadhi nyimbo, au mnataka kuhifadhi Windows XP?

Mzee_wa_Santuri
Kijana, hilo la kupitwa na wakati ndilo linaloniuma. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 akarekodiwa kwenye sahani, na sahani hizo mpaka leo ukiziwekea sindano unamsikia. Nitajie hadi diski iliyofika umri huo.

BintiKikwajuni
Mzee wangu, 1928 hadi diski zilikuwa hazijazaliwa.

Mzee_wa_Santuri
Ndiyo maana nikasema.

FundiMkunazini
Mzee, shikamoo. Sahani ya santuri ni mfereji uliochongwa, sauti imo ndani ya umbo lenyewe. DVD ya kuchoma haina mfereji wa sauti. Ina rangi ya kemikali ambayo leza inaibadilisha, na juu yake kiwambo chembamba cha kurudisha mwanga. Rangi hiyo haipendi jua, haipendi joto, na hewa yetu ya chumvi haiihurumii. Zote za duara, lakini undugu wao unaishia hapo.

BintiKikwajuni
Nakubaliana na Fundi. Mie nna DVD ya harusi ya dada yangu, ukiigeuza unaona ukingo umefanya utando wa kijivu kama ndimi ndimi, unaingia ndani. Bibi harusi anatoka chumbani, anafika mlangoni, anaganda. Mpaka leo hajafika ukumbini.

Maalim_Konde
Hahaha, bwana harusi anasubiri tu.

WeteAsili
Inategemea sahani. Zile za bunda la hamsini zinazouzwa sokoni Darajani, chapa hujawahi kuisikia maishani, hizo usitegemee. Zipo nzuri za tabaka la dhahabu, na zipo zile M-DISC ambazo waliozitengeneza wanadai miaka elfu.

BintiKikwajuni
Miaka elfu! Na nani atarudi kudai pesa yake ikifa mwaka wa mia tisa?

WeteAsili
Kejeli weka pembeni. Nnachosema mie: nyimbo zichomwe kama mafaili ya kawaida, si imeji. Sahani moja ikifa umepoteza nyimbo za sahani ile, zilizobaki salama. Na seti moja ikae Unguja, moja ije Pemba. Moto au mafuriko hayachomi na kuzamisha visiwa viwili siku moja.

BintiKikwajuni
Ije Pemba, halafu kuifungua tusubiri lile jenereta lenu la umeme la Wesha liwake?

WeteAsili
Aa, umeanza. Hebu nikukumbushe kidogo. Disemba 2009 waya wenu wa umeme wa baharini huko Unguja ulipokufa, mlikaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Nani alikuwa na taa? Sie, kwa jenereta hilo hilo la Wesha unalolicheka. Mjini kwenu mtaa mzima ulikuwa unanuka petroli, vijenereta vinanguruma mpaka usiku, na maji hayapandi kwa sababu pampu hazina umeme.

Kijana_Michenzani
Kwani Pemba mlikuwa na nini cha kuwasha?

WeteAsili
Tulikuwa na adabu, kwanza.

Kijana_Michenzani
Yakhe, Unguja ilikuwa na umeme wakati wengine wanawasha koroboi. Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, 1883, ndiyo jumba la kwanza kuwashwa taa za umeme hapa. Soma historia.

WeteAsili
Nimeisoma mpaka ukurasa wa Disemba 2020, ilipoporomoka upande mzima. Mnajua kuwasha, kutunza hamjui. Ndiyo maana nikasema seti moja ije kwetu.

Maalim_Konde
Hapo umempiga panapouma. Lakini tuseme haki, giza halikuwa la mara ile tu. 2008 pia walikaa kiasi cha mwezi. Na sie Pemba tukapata waya wetu kutoka Tanga 2010, kwa hiyo Binti hilo jenereta lako ni habari ya zamani.

Kijana_Michenzani
Na sie Unguja tuliletewa waya mpya 2013 kwa fedha za Wamarekani. Sasa tusemeje?

Mzee_wa_Santuri
Semeni kuhusu DVD. Mtu kauliza.

FundiMkunazini
Ahsante mzee. Na ugomvi wenu una faida moja msiyoiona. Sahani ikikaa kabatini haidai umeme. Flashi na SSD, zile diski zisizozunguka, zinashikilia kumbukumbu kwa chaji, na zikiachwa miaka bila kuunganishwa chaji huvuja kidogo kidogo. Hadi diski ya kuzunguka, ukiitupa kabatini miaka kumi, unaweza kuikuta mota imegoma. Na virusi vile vya kufunga mafaili na kudai fidia haviwezi kuandika juu ya DVD iliyokwisha kufungwa. Hayo nawapa wapenzi wa DVD bure.
Lakini sikubali iwe nakala pekee. Nakala tatu, aina mbili za chombo, moja ikae mbali. Hadi diski mpya mbili ndizo za kazi, DVD iwe akiba ya mwisho. Na Blu-ray msiifikirie sana: sahani moja ni GB 25, kompyuta itakuonyesha 23 na kidogo, zingetosha tisa tu, lakini Sony wenyewe wameacha kutengeneza za kuchoma tangu Februari 2025.

Mtu_wa_Wingu
Jamani mwaka gani huu? Pandisheni kwenye wingu, hifadhi ya mtandaoni, basi.

BintiKikwajuni
GB 190 kwa bando la nani? Lako?

Mtu_wa_Wingu
Sikusema zote kwa siku moja.

BintiKikwajuni
Na mwezi kikundi kisipolipa, nyimbo zinakwenda wapi? Hao wenye wingu watapiga hodi Kikwajuni kutukumbusha?

Maalim_Konde
Swali la kitaalamu. Imeji ile unaikataje mpaka iingie kwenye DVD? Nnakumbuka faili haliruhusiwi kuzidi GB 2.

FundiMkunazini
Ni 4, na hiyo ni kwa diski iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32. Clonezilla, programu ya kunakili diski, unaweza kuiagiza ikate vipande vya 4 GB, kila kimoja kikaingia sahani yake, na kwa kawaida inachukua sehemu zilizotumika tu. Halafu kabla hujachoma, toa alama ya hakiki, SHA-256, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiharibika, ya kila kipande, uiandike kwenye faili la maandishi na kwenye karatasi. Baada ya kuchoma, soma sahani upya ulinganishe, na bora uisome kwa mashine nyengine, si ile iliyochoma. Watu huona imeandikwa imekamilika asilimia mia wakaitia kabatini, na hapo ndipo wanapopotea. Juu ya sahani andika kwa kalamu ya wino wa maji, usibandike karatasi.

Mama_Tungo
Nimewasoma tangu mwanzo, hamna hata mmoja aliyeuliza. Hayo mashairi ni ya nani? Marehemu baba alitunga, kikundi kikaimba, sawa. Leo mnasema sahani 44 kwa seti mbili, moja ivuke bahari. Wiki ya pili nitazikuta Darajani kwenye meza ya barabarani, jina la baba halimo. Sheria ya hakimiliki Zanzibar tunayo tangu 2003.

Kijana_Michenzani
Bi mkubwa, si ndiyo yatajulikana? Yakibaki kwenye diski inayogonga atayajua nani?

Mama_Tungo
Weye umeshawahi kutunga hata ubeti mmoja?

Kijana_Michenzani
Mie napiga ngoma, dumbak.

Mama_Tungo
Basi piga.

WeteAsili
Bi Mama Tungo ana haki. Lakini ikiwa hofu ni wizi, imeji inafungika kwa nywila.

FundiMkunazini
Na katibu akifa na nywila yake? Nimeletewa diski za namna hiyo. Familia inakaa mbele yangu inabahatisha majina ya watoto.

Mama_Tungo
Nywila iandikwe, ikae kwa wenye tungo, si kwa katibu.

Katibu_wa_Zamu
Mie bado ni hai jamani. Kamati inakaa Jumapili baada ya alasiri. Nimechukua hivi: kompyuta isiwashwe, diski itolewe apewe Fundi aihamishe kwenye mpya, halafu nyimbo zichomwe kama mafaili. La nani akae na seti ya pili, na nani akae na nywila, sina jibu, na naona ndilo litakalotuvunja. Na jambo jengine: mashine ya kuchomea DVD nani anayo? Laptopu zetu zote mpya hazina.

Mzee_wa_Santuri
Ninayo mie, ya kuchomeka USB, nzima kabisa. Lakini haitoki nyumbani kwangu. Zileteni hizo nyimbo hapa Malindi, mjini Unguja, nizichome mwenyewe.

Mama_Tungo
Mwenyewe? Na nakala yako utabaki nayo?

Mzee_wa_Santuri
Nimesema nitachoma. Sikusema nitagawa.

WeteAsili
Na hiyo ya Pemba?

BintiKikwajuni
Katibu, mkutano wa Jumapili leteni na maji ya kunywa.