NFS yenye no_root_squash mnaiita bakapu salama?? Nimechoka jamani

Wakuu, hivi hii miongozo ya bakapu za seva inanakiliwa yote sehemu moja au vipi? Unatafuta mfumo wa mafaili wa mtandao ulio salama, unaletewa NFS, na mstari wa mipangilio ni uleule kila mahali:

/srv/bakapu *(rw,no_root_squash)

Na fundi tuliyemlipa kutuwekea naye kabandika huohuo, akaondoka. Aisee! Hiyo nyota ni kwamba mashine yoyote inayoifikia seva inaruhusiwa kumaunti (kuiunganisha folda kwake), na hilo la mwisho, no_root_squash, ni kwamba ruti (msimamizi mwenye mamlaka yote) wa huko ni ruti na huku. Mwingine kaandika jina la mashine, akaacha nafasi kabla ya mabano, ile rw (ruhusa ya kusoma na kuandika) ikaenda kwa dunia nzima na mashine yenyewe ikabaki kusoma tu. Nafasi moja tu!

NFS ukiiacha ilivyo haithibitishi mtu. Klaienti (mashine inayojiunga) ikisema mimi ni UID 1000, yaani namba ya mtumiaji, seva inakubali, kama mlinzi wa geti anayekuuliza jina tu halafu anafungua, na data yenyewe inapita wazi. Kampuni ya Sun waliitengeneza 1984, mashine za kwenye neti moja zilikuwa zinaaminiana, wao siwalaumu. Nawalaumu mnaoipendekeza hivyohivyo leo.

Ukilalamika unaambiwa weka Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwa tiketi). Sawa, ila semeni basi kwamba sec=krb5 inathibitisha tu, krb5i inalinda data isichezewe, na inayoficha ni krb5p peke yake. Na kwamba kwa kawaida saa zikipishana zaidi ya dakika 5 tiketi inakataliwa, bakapu ya usiku inakufa na asubuhi hakuna anayejua kwa nini.

SSHFS (mafaili kupitia SSH) naipenda, poti 22, funguo, basi. Ila mafaili madogo yakiwa mengi inatambaa, na 2022 aliyekuwa anaitunza aliachia ngazi. SMB3 (njia ya Windows ya kushea mafaili) ina enkripshoni tangu 2012, haina shida sana, shida ni watu wanaowasha SMB1 eti kifaa cha zamani kisisumbue, SMB1 ileile ransomwea (programu inayoteka mafaili ili ulipe) ya WannaCry ilipopitia 2017.

Sasa kinachoniudhi kuliko vyote: hata uenkripti njia yote, kama seva kuu imemaunti folda ya bakapu ikiwa na ruhusa ya kuandika, ransomwea ikiingia kwenye seva inafuta na bakapu humohumo. Enkripshoni haijui kama anayeandika ni wewe au mwizi. Seva ya bakapu ndo inatakiwa ivute yenyewe, au utumie programu za bakapu kama Borg ama restic kwa append-only, ambapo klaienti inaongeza tu haifuti. Mbona hili haliandikwi popote juu kabisa? Mtu anakupa kurasa nzima za rsize na wsize (ukubwa wa vipande vya kusoma na kuandika) ili bakapu ikimbie, za nini kama inafutika kwa rm moja?

Kwa hiyo mwenye uzoefu anisaidie: NFS juu ya TLS (enkripshoni ileile ya https), ile ya waraka wa viwango RFC 9289 ya 2022, keneli ya Linux kuanzia 6.5 ina pande zote mbili, seva na klaienti, chaguo ni xprtsec=mtls (kila upande unaonesha cheti). Kuna anayeitumia kwenye seva za kazi kweli, na tlshd, programu inayoanzisha hiyo TLS, haisumbui vyeti vikiisha muda? Na tafadhali usije kuniandikia "weka VPN", VPN kama WireGuard inaficha njia, ule ujinga wa UID unabaki palepale.