Je, kila tofauti ya protini ni kazi ya uteuzi asilia?

Ndugu aliyeanzisha mjadala huu anashikilia kwamba hakuna badiliko la asidi amino, vile vipande vinavyoungana kufanya protini, linaloweza kuenea katika spishi nzima pasipo faida ya kulisukuma, na ushahidi wake ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Mfano huo ni wa kweli. Katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, asidi amino iitwayo valini imeshika mahali pa nyingine, asidi glutamiki, na aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, ilhali aliyelirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Hata hivyo, sioni vipi mfano mmoja, hata uwe wazi kiasi gani, utabebeshwa protini zote.

Motoo Kimura, mwanajenetiki wa Japani, alipotoa hoja yake mwaka 1968 hakukana uteuzi asilia, ingawa husingiziwa hivyo mara nyingi. Alidai kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko yanayoenea katika molekuli hayana faida wala madhara, nayo huenea au hupotea kwa nasibu, kizazi baada ya kizazi. Kinachonishawishi zaidi ni kasi ya protini kubadilika. Fibrinopeptidi, vile vipande vinavyokatwa na kuachwa damu inapoganda, hubadilika upesi mno, ilhali histoni H4, protini ambayo DNA huizunguka ndani ya kiini cha seli, ina asidi amino 102 na kati ya ng'ombe na njegere zinatofautiana 2 tu. Kama faida ndiyo ingekuwa chanzo cha mabadiliko mengi, ningetarajia protini zenye kazi nzito ziongoze kwa kubadilika. Zinabaki nyuma, kwa kuwa humo karibu kila badiliko huharibu kazi, na uteuzi huliondoa kabla halijaenea. Uteuzi basi upo kila mahali, na kwa sehemu kubwa unalinda kilichopo.

Haki inanidai nitaje pia hesabu inayoisumbua nadharia hii. Mwaka 1991 wanasayansi McDonald na Kreitman walichunguza jeni ya kimeng'enya kinachovunja alkoholi katika spishi tatu za nzi wa jenasi ya Drosophila. Si kila tofauti katika jeni hubadili asidi amino. Miongoni mwa tofauti za kudumu kati ya spishi na spishi, 7 zilibadili asidi amino na 17 hazikuibadili, lakini miongoni mwa tofauti zilizomo ndani ya spishi idadi ilikuwa 2 kwa 42. Nasibu peke yake ingefanya uwiano huo ukaribiane pande zote mbili. Naikubali ziada hiyo ya mabadiliko ya asidi amino kati ya spishi kuwa alama ya uteuzi uliopendelea mabadiliko, tena naikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu ilipimwa dhidi ya kile ambacho nasibu ingezaa.

Namwomba ndugu yangu atuletee kipimo cha namna hiyo kwa kila protini atakayoitaja, badala ya kuitafutia tofauti faida baada ya kwisha kuiona.