Ukoo wa Barabara ya 14: mzigo wa Rukia

Jumatano

Mwanaisha, 20:04
Assalaam aleykum ukoo. Rukia anaondoka Muscat Ijumaa usiku. Kesho ndiyo siku yake ya mwisho ya kwenda soko la Mutrah, maana Ijumaa asubuhi maduka mengi pale hayafunguliwi. Kwa hiyo nataka jibu la kila nyumba usiku huu huu, siyo mtu anakuja Jumamosi na "mimi nilitaka".

Mwanaisha, 20:06
Begi lake ni kilo 30. Nguo za mtoto na vitu vyake vimekula 11. Zimebaki 19. Nimepanga hivi: kila nyumba halua nusu kilo na tende kilo moja, za futari. Nyumba 8, jumla kilo 12. Elfu 20 kila nyumba, tumeni kwenye simu yangu. Rukia ameanzia pesa ya shemeji, hatuwezi kumrudisha mtu nyumbani na deni.

Mwanaisha, 20:07
Bibi halua hali, sukari, hospitali ya Bombo wameshamkataza. Fungu lake tutajua la kufanya.

Mwanaisha, 20:33
Nawaona mmesoma watu 17. Jibu hata moja sina.

Bakari, 20:40
Halua mpaka Muscat? Pemba ipo tele, jahazi linaondokea hapo bandarini

Salma, 20:41
😂😂 Bakari lakini

Bakari, 20:41
Mimi aniletee papa mkavu

Mwanaisha, 20:42
Papa kutoka Muscat kuja Tanga? Damka uende soko la samaki Deep Sea ukachague papa unayemtaka.

Bakari, 20:43
Wa Deep Sea hajapanda ndege

Salma, 20:43
😂😂😂😂

Mwanahamisi, 20:44
Nimecheka peke yangu jikoni mpaka mtoto ameamka

Bakari, 20:44
Tena akae siti ya dirishani

Mwanaisha, 20:50
Haya chekeni. Kesho mkiambiwa soko limefungwa msinitafute.

Ami Hemedi, 21:15
Wanangu, nilikaa Muscat miaka saba, nisikilizeni. Halua ya kweli inapikwa saa nyingi kwenye sufuria la shaba, mtu anakoroga hapumziki. Wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, maji ya waridi. Ikiiva sawasawa inakaa miezi bila friji. Ukiitia friji ndiyo unaiharibu, inakakamaa. Rukia aende duka wanalopika wenyewe na aombe kuonja. Kule kuonja si aibu, muuzaji mwenyewe anakupa kijiko kabla hujatoa pesa. Asichukue za masanduku ya dhahabu. Pale unalipia sanduku, na sanduku nalo lina kilo zake.

Ami Hemedi, 21:19
Tende achukue fardhi. Najua mtapenda khalasi, ni laini na tamu sana, lakini kwa safari ya ndege, kisha basi, kisha joto letu hili, itavuja kwenye mfuko. Fardhi nyeusi ina mwili mgumu kidogo, inavumilia, utaifuturia mwezi mzima. Na halua, asali, maji ya waridi, vyote viingie begi la kupakia chini. Mkononi chochote cha majimaji au cha kupakazika kikizidi mililita 100 anaachia pale pale kwenye ukaguzi.

Mwanaisha, 21:21
Ahsante sana Ami. Basi halua na fardhi. Limekwisha.

Salma, 21:30
Da Mwanaisha, na ubani? Ule mweupe wa Dhofar

Mwanaisha, 21:31
Salma tunazungumzia vya kuliwa.

Salma, 21:34
Huko wanauloweka kwenye maji usiku, asubuhi wanakunywa. Kwa hiyo unaliwa

Ami Hemedi, 21:36
Hilo ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa.

Mwanaisha, 21:37
Robo kilo, Salma, na unalipa mbali.

Shangazi Zena, 22:50
Nyumba 8 zipi?

Shangazi Zena, 22:53
Nahesabu mara ya tatu hapa. Kila nikihesabu nafika nane na mimi simo.

Mwanaisha, 22:58
Shikamoo Shangazi. Sikukusudia ubaya. Wewe uko Pongwe, halafu mara ile ulisema mwenyewe mgao wetu huutaki tena. Nikaona nisikulazimishe.

Shangazi Zena, 23:01
Marahaba. Nilisema hivyo baada ya ule mfuko wa kijani. Kabla ya hapo nilisema nini?

Mwanaisha, 23:02
Shangazi, yale si yalishapita.

Shangazi Zena, 23:02
Kwako.

Bakari, 23:05
_Ujumbe huu umefutwa_

Alhamisi

Rukia, 10:48
Assalaam aleykum. Shikamooni wakubwa. Nilikuwa nimelala jana, ndiyo nasoma. Nipo Mutrah. Nimeshapata fardhi kilo 8. Sasa niko duka la halua, Ami, wananionjesha kweli 😄 Ipo nyeusi na ipo ya zafarani. Ya zafarani nzuri zaidi lakini bei imepanda juu. Nichukue ipi na mabakuli mangapi? 8 au 9? Duka linafungwa saa saba mpaka saa kumi.

Mwanaisha, 10:52
Saa saba tuna muda. Ngoja nizungumze na watu kwanza.

Mwanaisha, 11:20
Waliotuma mpaka sasa: Ami Hemedi, Salma. Wawili! Jamani Ramadhani hii hapa.

Mwanahamisi, 11:41
Mimi nipo kazini, jioni in shaa Allah

Rukia, 12:03
Wamefunga.

Mwanaisha, 12:04
Wamefunga vipi saa sita?

Rukia, 12:05
Saa saba ya huku dada. Huku tumewatangulia saa moja. Nimesimama mlangoni na simu mkononi nasubiri jibu mpaka yule mzee ameshusha shata, ananionea huruma. Watafungua saa kumi, kwenu saa tisa. Nitarudi, lakini ni teksi nyingine hiyo, na shemeji ndiye anayelipa.

Bakari, 12:09
Mngenichagulia papa yote haya yasingetokea

Mwanaisha, 12:10
Bakari nakuomba.

Saidi, 13:26
Shikamooni. Nipo kwa Bibi. Alinisikia nacheka kuhusu papa akaniambia nimsomee yote tangu jana. Nimemsomea. Ana neno, nimerekodi.

Saidi, 13:27
_Ujumbe wa sauti, 1:12_

Saidi, 13:31
Ameniambia niandike pia, kwa wasiosikiliza sauti. Naandika kama alivyosema:
"Rukia mwanangu, Mungu akurudishe salama. Chukua tisa. Mimi sukari ninayo, sikukataa, lakini fungu langu msiligawe ningali hai. Nitakula kijiko kimoja na kahawa, na kilichobaki nitampa mgeni anayeingia kwangu. Bakuli la kwanza kufunguliwa begi ni la Zena. Mwanaisha alipeleke mwenyewe Pongwe, asimtume mtoto. Mwaka ule mfuko niliuona ulipokuwa. Nikanyamaza kwa sababu tulikuwa na maiti ndani. Sasa nimesema, na sitaki kulisema mara ya pili."

Ami Hemedi, 13:40
Mama ameshasema.

Salma, 13:44
Sawa Bibi. Shikamoo

Mwanahamisi, 13:58
🙏

Mwanaisha, 14:35
Shikamoo Bibi. Nimesikia. Nitakwenda mwenyewe.

Mwanaisha, 14:36
Rukia, mabakuli 9. Ya zafarani.

Rukia, 15:42
Nimepata, alhamdulillah. Mabakuli 9 ya nusu nusu, ya zafarani, yana lozi na korosho juu. Yule mzee kasikia napeleka Tanga, akasema mama yake kazaliwa Unguja, akaniongeza kipande cha bure cha kula njiani. Na Kiswahili anakijua! Lakini tende nina kilo 8, siyo 9, duka lile liko ndani ndani na miguu imechoka. Za nyumba ya tisa nitazitoa wapi?

Mwanaisha, 15:45
Toa kwenye za kwangu.

Rukia, 15:50
Haya. Ami, kuna asali ya mkunazi, chupa ndogo tu inashinda bei ya mabakuli kadhaa. Nichukue au niache? Kilo bado zipo, sita na kidogo.

Rukia, 16:20
Ami?

Rukia, 16:48
Basi nimeondoka. Ubani wa Salma ninao. Jumamosi asubuhi nashuka Dar, napanda basi, jioni niko stendi ya Kange. Nani atakuja kunipokea na mzigo huu?

Mwanaisha, 17:02
Mwenye gari ajibu.

Mwanaisha, 18:30
Bakari una pikipiki.

Bakari, 19:11
Pikipiki ina pancha tangu Jumatatu da Mwanaisha, wallahi siyo mzaha

Ami Hemedi, 20:26
Nilikuwa msikitini. Asali angechukua.

Shangazi Zena, 21:47
Rukia mwanangu, safari njema. Ukipata zile ndimu kavu nyeusi za kutia kwenye mchuzi niletee kiganja kimoja tu, nitakulipa. Mama nimempigia, tumezungumza. Mwanaisha akija aje baada ya alasiri, asubuhi siwi nyumbani.

Mwanaisha, 21:49
Sawa Shangazi. Baada ya alasiri.

Mwanaisha, 21:50
Waliotuma: Ami Hemedi, Salma, Mwanahamisi. Nyumba sita bado, na yangu naitoa usiku huu. Na hakuna aliyejibu la Kange.

Bakari, 22:15
Nitatuma kesho