Je, Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia huko California, Marekani, ilijengwa na mitaji binafsi pekee?

Swali: Wanajukwaa, hapa Kijitonyama, jirani na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), tunabishana kuhusu jambo hili. Naomba ufafanuzi.

Jibu la 1: Hapana, ndugu yangu. Mwaka 1957 wahandisi wanane walimwacha mwajiri wao, William Shockley, wakaanzisha Fairchild Semiconductor, kampuni ya vipuri vya kielektroniki, kwa fedha za mwekezaji binafsi, lakini wanunuzi muhimu wa bidhaa zake za mwanzo walikuwa miradi ya kijeshi ya Marekani na baadaye Apollo, mradi wa kupeleka watu mwezini, iliyokubali bei ambazo soko la kawaida lisingezimudu.

Jibu la 2: Naongeza sheria, ambayo kwangu ina uzito mkubwa mno: California kwa kawaida haitambui mikataba inayomzuia mfanyakazi kuhamia kwa mshindani. Kwa mfano, Robert Noyce na Gordon Moore, wawili kati ya wale wanane, walitoka Fairchild wakaanzisha kampuni ya Intel mwaka 1968.

Muulizaji: Ahsanteni, wakuu. Je, serikali yetu nayo inaweza kuwa mnunuzi wa kwanza wa programu za vijana wa Dar es Salaam?